Kiti cha dereva kimebonyea: sponji, waya au kiti cha mtumba?

Gari likishazeeka, kiti cha dereva hakijui kuficha umri. Injini utaifanyia sevisi, bodi utaipiga rangi, taa utazing'arisha, lakini fungua mlango wa Corolla 110 au Carina Ti iliyowahi kuwa teksi uone. Pale anapokaa dereva pamechimbika, ubavu wa upande wa mlango umelala, na mtu akikaa magoti yanakuwa juu kuliko nyonga. Mwenye gari ameshazoea. Anavuta kiti mbele, ananyanyua shingo, maisha yanaendelea, mpaka siku akipewa gari la mwenzake ndipo anashangaa kwamba boneti huwa linaonekana.

Njia za kukirekebisha hazizidi tano: kuweka mto juu, kujaza au kubadilisha sponji, kutengeneza waya za chini, kuhamisha vitu kutoka kiti cha abiria, na kununua kiti kizima cha mtumba. Zinatofautiana sana kwa bei, ila bei isiwe swali la kwanza. Niseme msimamo wangu mapema: wengi wanalipia sponji wakati kilichokufa ni waya, na wengine wananunua kiti kizima kwa sababu ya ndoano moja iliyokatika.

Kabla ya kumwita fundi, ingiza mkono chini

Sukuma kiti nyuma mpaka mwisho wa reli, piga magoti nje ya mlango, washa tochi ya simu na uchungulie chini. Vaa glavu au zungushia kitambaa mkononi, maana waya uliokatika unachana kama wembe mpya. Katika gari nyingi za Kijapani za miaka ya tisini utakuta fremu ya chuma, na kati ya fremu hiyo zimetandazwa waya nene za zigizaga zilizoshikwa na ndoano mbele na nyuma. Juu ya waya kuna tabaka la gunia au felti. Juu ya felti ndiyo sponji, ile iliyofinyangwa kiwandani kwa umbo la kiti, halafu kava. Kila tabaka lina namna yake ya kufa, na kila kifo kina dalili zake.

Waya hukatika karibu kila mara palepale, kwenye kona inapoingia ndoano, kwa sababu hapo ndipo chuma hupinda kidogo kila mtu anapokaa na kunyooka kila anaponyanyuka. Miaka ishirini ya kupinda na kunyooka, ukiongeza kutu ya maji ya mvua yanayoachwa kwenye kapeti, chuma kinachoka. Ukipapasa utakuta ncha inaning'inia. Ncha hiyo haikai kimya: kila ukipita kwenye tuta inatoboa felti, ikimaliza felti inaingia kwenye sponji na kuichimba kutoka chini. Ndiyo maana unaweza kukuta kava zima kabisa, sponji ya juu nzima, na bado kiti kina shimo.

Dalili za waya ni hizi: kiti kililala ghafla, kinainamia upande mmoja, na kinalia chuma ukijigeuza. Sponji haifanyi hivyo. Sponji huzama polepole, miaka na miaka, bila kelele, na unachokiona kwanza ni unga wa njano au wa kahawia kwenye kapeti chini ya kiti. Huo unga ni sponji yenyewe inasagika. Joto, jasho na unyevu wa hewa vinaivunjavunja hata kama gari limeegeshwa, na gari lililolala juani Dar au Mombasa linaumia zaidi ya lile la Njombe au Limuru.

Ubavu wa kiti una hadithi yake. Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia, kwa hiyo ubavu wa kulia wa kiti cha dereva ndio unaokaliwa kila mtu anapopanda na kushuka. Ndio hufa kwanza. Kama kilichokusumbua ni ubavu tu na katikati bado pazuri, tatizo lako ni dogo kuliko unavyodhani.

Halafu kuna viti ambavyo havijabonyea kabisa, vimelegea. Ukikanyaga breki kiti kizima kinasogea nusu sentimita mbele na kurudi, au mgongo wa kiti unakaa pembeni. Hapo ni nati zilizolegea, reli zilizoisha, au kile kifaa cha kulazia mgongo kimekwisha meno. Sponji ya dunia nzima haitakusaidia, na hilo ni jambo la usalama. Usilihesabu na mengine humu.

Mto wa kuweka juu

Huu tuumalize haraka. Mto wa dukani unakunyanyua, unagharimu kidogo, na unaweza kuutoa ukiuza gari. Kwa safari za kwenda sokoni na kurudi, unatosha. Lakini mto laini juu ya shimo unafuata shimo, na mto usiofungwa unateleza. Kwenye breki ya ghafla unakwenda mbele nao, mkanda unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga kuja tumboni. Ukiutumia, chagua ule mwembamba wenye kitako cha mpira na kamba za kufunga, na uuchukulie kama dawa ya maumivu wakati unasubiri fundi.

Sponji au waya?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo watu wanapoliwa hela. Ukimpelekea fundi wa viti gari, sentensi utakayosikia ni moja: "Bosi, hapa tunaongeza sponji tu, inakaa fresh." Si kwamba anakudanganya. Yeye anauza sponji na kushona. Waya si kazi yake, na kuongeza sponji kunaonekana papo hapo. Unakaa, umenyanyuka, unalipa, unaondoka na furaha. Ila sponji mpya iliyowekwa juu ya waya uliokatika inaingia kwenye tundu lilelile. Ncha iliyokula ile ya kwanza itakula na hii.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: waya kwanza, sponji baadaye. Waya zikiwa nzima, sponji inatosha peke yake. Waya zikiwa zimekatika na sponji bado inarudi ukiigandamiza kwa ngumi, tengeneza waya tu na usiiguse sponji ya kiwandani, maana hutapata nyingine kama hiyo. Vyote vikiwa vimekufa, endelea kusoma mpaka kwenye kiti cha mtumba, kwa sababu hesabu inaanza kubadilika.

Tuanze na sponji, maana ina mengi. Sponji ya kiti cha gari inafinyangwa kwenye kalibu, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 45 na 65 kwa mita moja ya ujazo. Sponji ya godoro jepesi la bei ya chini haifiki nusu ya hapo. Fundi atakupa kipande, atakwambia bonyeza uone kilivyo kigumu. Ugumu na uzito ni vitu viwili. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu kabisa, ukaibonyeza kwa kidole ukaridhika, lakini baada ya muda mfupi wa kukaliwa inalala. Kinachoifanya idumu ni uzito, yaani wingi wa malighafi iliyomo ndani.

Kupima ni rahisi na hakuna anayefanya. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 10, kikiwa na uzito wa kilo moja, sponji hiyo ni ya kilo 40 kwa mita ya ujazo. Kikiwa nusu kilo, ni ya kilo 20. Mizani ya muuza mchele wa jirani inakupa jibu kabla hujatoa hela. Mimi nisingekubali chini ya ile ya kilo moja kwa kiti cha dereva, hata kama muuzaji anaapa ni haidensiti, yaani sponji nzito. Dar wenye aina nyingi za sponji ni mafundi sofa wa Keko. Ukienda kuchagua mwenyewe na kumpelekea fundi wa viti, utakuwa umejua ulichonunua.

Ipo pia sponji ya vipande, ile ya rangi rangi iliyotengenezwa kwa mabaki yaliyosagwa na kugandamizwa kwa gundi. Hiyo ni nzito na ngumu sana. Kuikalia moja kwa moja ni adhabu, lakini kama tabaka la sentimita moja au mbili chini kabisa, kati ya waya na sponji laini, ni nzuri mno: inagawanya uzito wa mtu kwenye waya zote na inazuia waya zisizame kwenye sponji.

Swali linalofuata ni ijazwe juu au chini. Karibu wote hujaza juu, maana ni haraka: unafungua kava, unatandaza kipande cha bapa, unafunika. Matokeo yake kiti kinavimba kama andazi. Sponji ya kiwandani ina mifereji, na ndani ya mifereji kuna waya mwembamba ambao kava huvutwa na kubanwa kwa vile vipete vya chuma vya umbo la C. Mifereji hiyo ndiyo inayokupa ubavu wa kukushika kwenye kona na mteremko wa kukukalisha nyuma. Ukitandaza sponji bapa juu yake, mifereji imezibwa, kava linavutwa mpaka mishono inalia, na wewe unaketi juu ya kiti badala ya kuketi ndani yake. Kwenye kona unateleza.

Kujaza chini kunahifadhi umbo lote. Fundi anaitoa sponji ya zamani kwenye fremu, anaigeuza, anakata sehemu iliyolika upande wa chini, anapachika kipande kipya kilichochongwa kufuata tundu, anabandika kwenye kingo tu kwa gundi ya mpira, halafu anaweka felti mpya. Gundi isimwagwe uso mzima, ikikauka inafanya ganda gumu na kiti kinalia. Kazi hii inachukua muda zaidi na inahitaji kisu kikali na mtu asiye na haraka. Gharama ya sponji ni ileile au pungufu, ila ufundi utaongezeka. Ni halali yake, mlipe.

Kasoro ya njia ya chini ni moja: kama sponji ya juu imeshakuwa unga, hakuna cha kuokoa. Ukiishika kipande kinabaki mkononi. Hapo itabidi ichongwe mpya yote, na fundi anayejua kuchonga mifereji na kurudisha waya za kubania si kila fundi. Mwambie akuonyeshe kiti alichokifanya mwezi uliopita, si cha jana. Sponji mpya hushuka kidogo wiki za mwanzo, kwa hiyo kiti cha jana kila mara ni kizuri.

Waya: kuchomelea, kubadilisha, au mpira wa tyubu

Upande wa waya nao una njia zake, na ile ya kwanza kupendekezwa ndiyo mbaya kuliko zote. Kuchomelea. Waya wa springi ni chuma kilichopewa makali ya kunepa, na moto wa kuchomelea unaharibu makali hayo pembeni ya kovu. Utaona imeshika vizuri, halafu itakatika sentimita moja kutoka pale ilipochomelewa. Isitoshe, fundi wa kuchomelea akifanyia kazi ndani ya gari, cheche zinadondokea sponji na kapeti, na umeme wa mashine unapita kwenye bodi wakati kompyuta ya gari bado imeunganishwa. Kama ni lazima kuchomelea kitu, kiwe fremu iliyopasuka, kiti kikiwa nje, sponji imetolewa. Reli na pale mkanda unapofungwa pasiguswe kabisa na mashine ya mtaani.

Kubadilisha waya ndiyo njia safi. Waya za zigizaga za viti vya mtumba zilizovunjwa zinapatikana, au zile za masofa zikakatwa na kupindwa kwa urefu wake. Zingatia unene: waya mwembamba wa sofa peke yake utakupa kiti kinachonesa kupita kiasi, kwa hiyo ziwekwe mbili pale ilipokuwa moja. Ncha zote zikunjwe kuelekea chini. Ndoano iliyokatika inaweza kurudishwa kwa kupinda waya upya na kuufungia kwenye fremu kwa kipande cha bati nene na boliti. Si kazi ya kupendeza macho, lakini hakuna anayeiona, na inakaa.

Mpira wa tyubu ni ubunifu wetu. Tyubu ya zamani inakatwa mikanda ya upana wa vidole vitatu, inasukwa kama kitanda cha kamba kutoka fremu hadi fremu, chini au badala ya waya. Inafanya kazi. Ni laini, haina kelele, na gharama yake ni kama hakuna. Ila mpira unalegea kwa joto na uzito, na mwaka hadi mwaka unazama tena. Mikanda ya masofa, ile yenye nyuzi ndani ya mpira, inavumilia zaidi. Mkanda wa usalama uliotolewa kwenye gari bovu haunyumbuki kabisa, kwa hiyo ukisukwa ukiwa umekazwa unakupa kiti kigumu. Wanaouweka vizuri huuachia ulegee kidogo katikati na kuweka sponji nene zaidi juu yake. Kati ya hayo matatu, mimi ningechagua mikanda ya sofa pamoja na waya zilizobaki.

Plaiwudi usikubali. Kuna wanaopigilia ubao chini ya sponji na kusema umeshapona. Kiti kinakuwa benchi, mitetemo yote ya barabara ya vumbi inapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na ubao ukipasuka ncha zake zinaelekea unakojua.

Kiti cha abiria au kiti cha mtumba

Njia ninayoipenda kuliko zote haina hela nyingi, nayo ni kiti cha abiria wa mbele. Kwenye gari la nyumbani kiti hicho kimekaliwa mara chache sana ukilinganisha na cha dereva. Sponji yake ya kukalia mara nyingi ni nzima. Na zaidi: abiria wetu anapanda kwa mlango wa kushoto, kwa hiyo ubavu uliochoka kwake ni wa kushoto. Ukiihamisha sponji hiyo kwa dereva, ubavu wa kulia unaoutaka ni ule ambao haujaguswa. Kwenye magari mengi ya zamani sponji mbili hizo zinalingana au zinatofautiana kidogo tu sehemu ya kuchomoza kifungio cha mkanda, ambapo kisu kinamaliza kazi. Mwambie fundi avifungue vyote viwili kwa wakati mmoja, azipange kando kwa kando, aone. Waya nazo zinaweza kuhamishwa vivyo hivyo.

Kinachohamishwa ni sponji na waya. Kiti kizima cha abiria huwezi kukipachika kwa dereva katika gari nyingi, maana kifungio cha mkanda kitakuwa upande wa mlango, kishikio cha kulazia mgongo kitakuwa ndani, na miguu ya reli haitakaa kwenye matundu yake. Kwenye magari mapya kidogo angalia pia kama kiti cha abiria kina kifaa cha kutambua kwamba kuna mtu amekaa, kile kinachowasha taa ya mkanda. Kikibaki kwenye sponji iliyohamia kwa dereva, taa itakusumbua. Kwa gari la biashara ushauri huu unapungua nguvu, kwa sababu kiti cha mbele cha teksi au Probox ya abiria kimekaliwa sawasawa na cha dereva.

Kiti cha mtumba kizima ndiyo njia ya wenye haraka. Ilala Shaurimoyo, au Grogan pale Nairobi, utakuta viti vimepangwa barazani, vingine vimetoka kwenye gari zilizokatwa Japani, vingine kwenye gari zilizopata ajali hapahapa. Faida yake ni kwamba unapata vyote: fremu, waya, sponji ya kiwandani, kava, reli. Kwa gari ambalo sponji imekuwa unga na waya zimeoza, gharama ya kufufua kila kimoja inakaribia kiti kizima, na kiti kizima kinashinda.

Hasara ni kwamba unanunua uchovu wa mtu mwingine. Muuzaji atakionyesha kikiwa kimesafishwa na kupakwa dawa ya kung'arisha reksini. Kigeuze kichwa chini. Angalia waya, ndoano, unga wa sponji, kutu kwenye reli. Kikalie palepale, ukiegemea, si sekunde mbili bali mpaka muuzaji aanze kukuchoka. Vuta reli mbele na nyuma na uhakikishe inafunga pande zote mbili, kulia na kushoto. Kiti ambacho fremu yake imepinda, hata kidogo, kimepata ajali, kiache. Tena uwe mkali kuhusu mfano wa gari. Kiti cha Corolla ya mwaka mwingine kinaweza kufanana kwa macho na bado matundu ya miguu yakapishana, na hapo ndipo fundi anapotaka kutoboa sakafu au kuchomelea mguu mpya. Kataa. Kiti kinachozuia mwili wako wakati wa ajali kinategemea nati nne tu na sakafu iliyo nzima.

Upo pia uwezekano wa kuagiza sponji mpya ya kampuni yenyewe. Kwa gari la umri huu nauli na kusubiri havilingani na thamani ya gari, labda uwe na Land Cruiser unayopanga kumrithisha mtoto.

Gari lenye eabegi kwenye kiti

Hili linahusu magari ya kuanzia miaka ya 2000 zaidi kuliko Carina, lakini mtu asilipuuze. Ukiona herufi SRS kwenye ubavu wa mgongo wa kiti, kuna eabegi humo, ule mfuko wa hewa unaofura wakati wa ajali. Chini ya kiti kutakuwa na viunganishi vya njano. Kabla ya kuvichomoa, zima gari, toa nguzo hasi ya betri, na usubiri angalau sekunde 90, ule muda ambao Toyota inautaja kwenye maelekezo yake ya ufundi ili umeme uliobaki uishe. Usivipime kwa mita, na usirudishe betri wakati kiti kiko nje na viunganishi vimeachwa wazi, taa ya eabegi itawaka na kubaki. Kava la kushonwa nalo lisizibe ubavu huo, maana eabegi inahitaji mshono wake wa kupasukia.

Nati zenyewe kwenye Toyota nyingi ni za soketi namba 14, mbili mbele na mbili nyuma, zimefunikwa na vifuniko vya plastiki vinavyovunjika ukivipa haraka. Hata kama hutengenezi mwenyewe, kutoa kiti nyumbani na kumpelekea fundi kiti peke yake kuna faida: gari linabaki kwako, na unakuwapo kikiwa wazi. Usiliendeshe tu gari lenyewe kwa kukalia ndoo. Nimeona.

Nani achague ipi

Dereva wa teksi ya mtandaoni anayekaa saa kumi na mbili kwa siku asihangaike na mto wala na sponji ya juu. Atengeneze waya, aweke sponji ya vipande chini na nzito juu yake, na akubali kulipa ufundi. Kiti ni kifaa chake cha kazi, na tofauti ya bei anairudisha kwa siku ambazo hatalala nyumbani akiugua mgongo. Kiti cha mtumba kwake ni bahati nasibu, kwa sababu kikiwa kimechoka nusu, yeye atamalizia ile nusu haraka.

Mwenye gari la familia linalotembea wikiendi ahamishe sponji ya abiria, na ile iliyochoka irudi kwa abiria ikiwa imejazwa chini. Anayetaka kuuza gari mwezi ujao huyo mto unamtosha, au sponji ya juu na kava jipya, na mnunuzi mwenye akili atapitisha mkono chini ya kiti kama nilivyokwambia. Mtu mrefu ambaye kichwa kinakaribia dari awe mwangalifu kuliko wote: sentimita tatu za sponji zinaweza kumfanya agonge kichwa kwenye kila tuta, kwa hiyo kwake waya ni muhimu kuliko unene. Mtu mfupi anafurahi kunyanyuliwa, lakini akinyanyuliwa sana miguu inakosa pedali, anavuta kiti mbele, na kifua kinasogelea usukani. Ibaki nafasi ya sentimita 25 hivi kati ya kifua na katikati ya usukani.

Siku ya kuchukua gari, usikubali kava lifungwe kabla hujaona ndani. Mwambie fundi tangu mwanzo, kwa upole, kwamba utakuja kuangalia kikiwa wazi. Fundi mwenye kazi nzuri atapenda uione. Kikishafungwa, kaa dakika ishirini ukisikiliza redio, hata mbele ya karakana. Angalia sehemu ya kichwa: kwa kuwa umenyanyuka, nayo inabidi ipandishwe, juu yake ifikie karibu usawa wa utosi. Angalia mteremko: upande wa mbele wa kiti ubaki juu kidogo kuliko wa nyuma, la sivyo utakuwa unateleza kuelekea chini ya mkanda. Funga mkanda uone kama unalala kwenye mifupa ya nyonga. Kisha tafuta barabara tupu, endesha polepole, kanyaga breki kwa nguvu mara moja. Kiti kikicheza, rudi palepale; nati nne hazichukui dakika tano kukazwa.